Sanduku la vipande 53

Bandugu na badada wa promosio, siku ya mkutano wetu wa mwisho mwenzetu mmoja alitoa kwenye gari sanduku jipya la vyombo: kle, turnevisi, soketi, vipande 53, vyote vinang'aa. Akauliza kama linafaa kwa gari ya nitro ya mtoto wake, zile ndogo za kuongoza kwa telekomande. Wengi mukasema safi kabisa. Mimi nilinyamaza, na kunyamaza kule kumenisumbua, maana sanduku kama lile niko nalo nyumbani hapa Lubumbashi.

Shemeji alitoka Ubelgiji na Traxxas Revo 3.3 kwa kijana wangu. Motere yake inakunywa metanoli iliyochanganywa na nitrometani na mafuta, si esansi. Ilitembea vizuri, kiisha ikafika siku ya kufungua kichwa cha motere. Nikatafuta ndani ya sanduku kle iliyoingia kwenye visi. Iliingia, lakini ilikuwa ya inchi, 3/32, yaani milimeta 2.38. Visi ilikuwa ya 2.5. Utacheka: tofauti ya milimeta 0.12! Lakini kle ya vile inashika ncha za pembe tu, haijazi tundu. Nilipokaza mkono ikazunguka kama kijiko ndani ya kikombe. Visi ya kwanza ikawa duara. Ya pili vile vile. Mutoto ameketi pembeni, hasemi kitu.

Nikaleta mashine ya kutoboa. Visi zilitoka, ndiyo. Vumbi la chuma likaingia kwenye silinda, na pistoni ya motere hii haina ringi, inabanana yenyewe na ukuta wa silinda. Ukuta ukachanika, kompresio ikakwisha. Revo ikakaa juu ya kabati miezi nane.

Kwa hiyo sisemi sanduku ni baya kwa sababu ni la bei ndogo. Kwa kitanda na mulango linafaa. Ubaya wake ni kulaza inchi na milimeta ndani ya mfuko mmoja, na namba zimeandikwa ndogo hata miwani haisaidii. Chuma chake pia ni laini, ncha inaviringika mapema. Na vipande zaidi ya 40 havina kazi yoyote kwenye gari hii. Munalipia mng'ao.

Hata zile kle fupi zilizopinda, zinazokuja pamoja na gari, ni za dharura njiani. Haziwezi kuwa chombo cha kila juma.

Kinachohitajika ni turnevisi nne za pembe sita, zilizonyooka, zenye mpini, za chuma kigumu: 1.5, 2, 2.5 na 3. Ncha ikichoka, unabadilisha ncha peke yake. Ongeza kle ya milimeta 8 ya bujii na ya 17 ya magurudumu. (Wenye gari za Kijapani za zamani wajue kwamba msalaba wa visi zao una umbo lake. Turnevisi ya msalaba ya kawaida haikai vizuri mule.)

Kitu kingine ni kipimajoto cha kuelekeza kwenye motere bila kuigusa. Watu wanakiona anasa. Hapa tuko karibu metre 1200 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, kwa hiyo sindano ya karbirateri inahitaji kufungwa kidogo kuliko ilivyotoka kiwandani. Kuifunga bila kupima joto njo kuunguza motere.

Kijana sasa anataka mikono ya aluminiamu. Nimekataa kwanza. Visi ya chuma ndani ya chuma inalegea kwa mtetemo, kwa hiyo inadai gundi ya bluu, na visi yenye gundi ukiifungua na kle mbaya unarudi kwenye mashine ya kutoboa. Vyombo vitangulie, mapambo yafuate.

Motere mpya ilifika na turnevisi ya 2.5. Siku ya kwanza kijana alifungua kichwa mwenyewe, visi moja moja, bila kukwaruza hata moja. Mimi nilishika torche.