Alamu Inayoaminika: Kuipima Kazi ya Fundi Baada ya Sensa Kubadilishwa

Waswahili husema kelele za mlango hazimkoseshi mwenye nyumba usingizi. Kwa mwenye alamu ya wizi, methali hiyo ni onyo. Alamu inayolia ovyo hugeuka mlango wenye bawaba kuukuu: wiki ya kwanza mnakimbilia sebuleni na panga, wiki ya pili mnageukia upande mwingine wa kitanda, wiki ya tatu mtu anaizima kabla ya kulala. Jirani yangu hapa Dar es Salaam aliifikia wiki hiyo ya tatu baada ya kubadilishiwa sensa nne. Sensa zilikuwa mpya, za bei, na zote nzima. Kilichokuwa kibovu ni kazi.

(Sensa ninayoisema si ile ya kuhesabu watu, ingawa hii nayo kazi yake ni kujua nani yumo ndani.)

Duka linaweza kukuuzia sensa nzuri, lakini alamu nzuri hutoka mkononi mwa fundi. Mkono huo unaweza kuupima hata kama hujawahi kushika bisibisi.

Anaanza na swali au na ngazi?

Fundi mzuri huanza kwa kuuliza. Zoni ipi, yaani sehemu ipi ya nyumba, inasumbua? Saa ngapi? Kisha huenda kwenye paneli, ule ubongo wa alamu, kwa sababu paneli nyingi hutunza orodha ya matukio pamoja na saa zake, na orodha hiyo hujieleza. Zoni inayolia kila siku saa kumi na moja jioni inalalamikia jua la dirishani. Inayolia usiku wa manane bila mpangilio inanong'ona habari za wadudu au waya uliolegea. Iliyokataa kufungika, yaani paneli inaiona wazi muda wote, tangu siku sensa ilipobadilishwa inamnyooshea kidole aliyeibadilisha.

Kabla ya kugusa kitu, fundi huyo hupiga picha ya nyaya zilivyo, huzima umeme na kuchomoa betri. Ukimwona mtu amekwishapanda ngazi kabla hujamaliza kumweleza tatizo, mpe chai, ila usimpe kazi.

Ukuta gani, urefu gani

Sensa ya kawaida ya ndani haioni mwendo wenyewe. Inapima mabadiliko ya joto lililo katika mionzi isiyoonekana kwa macho. Ule uso wa plastiki wenye mistari ni lenzi, na asili yake ni kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel, aliyeunda lenzi za aina hiyo kwa ajili ya minara ya kuongozea meli katika miaka ya 1820. Mnara hutuma mwanga nje. Sensa hupokea joto kuja ndani, na eneo inalolitazama limegawanyika kama njiti za ukuti.

Hapo ndipo ujuzi unapoonekana. Mtu anayekatiza njiti hizo hunaswa mapema. Anayeijia sensa uso kwa uso anaweza kupiga hatua kadhaa kabla ya kugunduliwa. Kwa hiyo fundi mwenye jicho hujiuliza mwizi atapita wapi, kisha huiweka sensa kwenye kona ambayo njia hiyo itakatiza mbele yake. Urefu wa kawaida ni kati ya mita 2.1 na 2.4 kutoka sakafuni, na karatasi ya mtengenezaji ndiyo yenye neno la mwisho. Haielekezi dirishani, wala kwenye pazia linalopeperushwa na kiyoyozi, wala nyuma ya jokofu. Kwa jirani yangu, sensa ya sebuleni ilirudishwa kwenye matundu ya ile ya zamani ili kuokoa muda, nayo ikawa inalitazama dirisha la magharibi. Muda uliookolewa ulilipwa kwa usingizi wa nyumba nzima.

Siri ndogo ya rezista

Katika mifumo mingi ya waya, kila zoni ina kijirezista kidogo ambacho paneli hukitumia kujua kwamba mambo ni shwari. Mahali pake ni mwisho wa waya, ndani ya sensa. Kikiwekwa ndani ya paneli, alamu itafanya kazi kwa sura tu: mtu akiziunganisha nyaya mbili za zoni njiani, au panya akizitafuna hadi zigusane, paneli itaendelea kuamini kuwa chumba kimetulia.

Kosa linalofuatia kubadilisha sensa ni rezista kuwa mbili. Sensa nyingine za siku hizi huja na rezista ndani yake, na fundi asiyesoma karatasi huiacha ya zamani kwenye mstari huohuo. Paneli inayotarajia kilo-omu 5.6 inakuta 11.2, na zoni inakataa kufungika. Watu hudhani sensa ni mbovu, wananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale.

Fundi anayejua huchomoa nyaya za zoni kwenye paneli na kuzipima kwa mita, huku sensa ikiwa na umeme wake. Chumba kikiwa kitupu, mita isome thamani ya rezista. Mtu akipita, mstari ukatike. Ikisoma sifuri, nyaya zimegusana. Akibaki na shaka, hubadilishana sensa za vyumba viwili: tatizo likihama na sensa, sensa ndiyo mbovu; likibaki chumbani, aukague waya. Hii ni dakika kumi za kazi, na huokoa bei ya sensa mpya.

Kwa mifumo isiyo na waya, uliza swali moja: "Ile ya zamani umeifuta kwenye paneli?" Isipofutwa, paneli itaendelea kuitafuta na kulalamika kuwa imepotea.

Joto, mjusi na sisimizi

Sensa huona tofauti kati ya mwili na chumba. Katika nyumba ya Pwani iliyofungwa madirisha mwezi wa pili, joto la chumba hulikaribia joto la ngozi, na tofauti hiyo hupungua. Sensa nzuri hujirekebisha kufuatana na joto. Ya bei rahisi huwa kama imepofuka. Ukitaka kujua umenunua ipi, ijaribu saa tisa alasiri, kiyoyozi kikiwa kimezimwa.

Kisha kuna wenyeji. Mjusi kafiri akitambaa juu ya lenzi, kwa sensa yeye ni jitu. Sisimizi hupenda kujenga ndani ya kasha. Chungulia basi tundu la waya: fundi makini huliziba kwa silikoni. Tundu lililo wazi ni mlango wa wageni.

Umeme ukikatika

Sensa nyingi za waya zimeandikwa volti 9 hadi 16. Mwambie fundi azime umeme wa nyumba, aache king'ora kilie kidogo kwa nguvu ya betri, kisha apime volti kwenye sensa iliyo mbali kuliko zote. Betri iliyochoka itajidhihirisha hapo hapo. Sensa zilizobadilishwa huku betri ya miaka mingi ikiachwa ni shati jipya juu ya kaptula iliyochanika.

Jaribio la kutembea

Mwisho, paneli ikiwa katika hali ya majaribio, jaribuni chumba kwa chumba, yeye akiwa kwenye paneli na wewe ukitembea kama mwizi. Baada ya kuwashwa, ipe sensa dakika moja ijizoeze. Zile zisizo na waya, nyingi hulala dakika mbili tatu baada ya kugundua mtu ili kuokoa betri, hivyo usizihukumu kwa kuzipita haraka haraka. Fundi akimaliza, aache karatasi ndani ya kasha la paneli: namba za zoni, vyumba vyake, thamani ya rezista na tarehe. Fundi atakayemfuata ataujua uzuri wake kwa karatasi hiyo.

Kwa jirani yangu, fundi wa pili hakuuza sensa hata moja. Aliondoa rezista mbili zilizozidi, akahamisha sensa moja na kubadilisha betri. Mwezi mzima ulipita kimya. Kisha usiku mmoja king'ora kikalia: mpwa wake alikuwa amekwenda kunywa maji, akasahau kuwa alamu imewashwa. Kijana aliomba radhi sana. Jirani yangu, aliyekwisha kufika sebuleni na tochi kabla mlio wa tatu haujaisha, hakukasirika hata kidogo.