Herufi Moja Kwenye Jina la Panya

Kwa miaka mingi ripoti za maabara za macho zilisema tu kwamba panya waliotumika ni wa ukoo wa C57BL/6. Kilichokosekana mara nyingi ni herufi moja mwishoni. Panya wa Maabara ya Jackson, Marekani, huandikwa J. Wale ambao mababu zao walipelekwa Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyo mwaka 1951 huandikwa N. Mwaka 2012 Mattapallil na wenzake walionyesha kwamba panya wa N wanaouzwa na wafugaji wana hitilafu iitwayo rd8 kwenye jeni la Crb1, nayo huacha madoa meupe kwenye retina, hasa upande wa chini.

Mchukue mtafiti aliyezima jeni jingine kabisa kwa panya hao, akapiga picha, akakuta madoa. Atasema ndiyo kazi ya jeni alilolizima. Picha ni safi, madoa yapo kweli, hitimisho ndilo bovu. Mwenzake aliyepiga picha upande wa juu tu atasema hakuona kitu, na wawili hao watabishana miaka mingi bila kujua wanabishania nini. Ndiyo maana kutaja ukoo kamili, majibu ya kipimo cha rd8 na sehemu ya retina iliyopigwa picha si urembo wa sura ya mbinu.

Kipimo cha urefu nacho kina mtego wake. Skana ya OCT, inayosoma tabaka za retina kwa mwanga, mara nyingi imeundwa kwa jicho la binadamu lenye urefu wa milimita 24 hivi. Jicho la panya mdogo halifiki milimita 4. Unene wa tabaka hauathiriki sana, lakini umbali wa kwenda pembeni hupotoka vibaya mashine ikiachwa iamini kwamba inamtazama mtu. Halafu kuna dawa ya usingizi: ketamini na zailazini zaweza kuifanya lenzi ya panya iwe na ukungu wa muda unaofanana na mtoto wa jicho. Asiyeandika muda uliopita tangu sindano hadi picha hampi msomaji njia ya kutenganisha ugonjwa na dawa.

Miongozo ipo. ARRIVE, wa utafiti wote wa wanyama, ulitoka Uingereza mwaka 2010 ukiwa na vipengele 20. Toleo la 2020 likatenga 10 vya lazima. APOSTEL wa 2016 unahusu OCT, ila kwa binadamu. Wa kwanza haulijui jicho, wa pili haumjui panya, na anayefanya kazi katikati hulazimika kuiunganisha mwenyewe. Binafsi sitegemei sana fomu: katika jaribio lililochapishwa 2019, waandishi waliowasilisha kazi kwa jarida la PLOS ONE waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likalazimishwa kujaza orodha ya ARRIVE. Hakuna muswada hata mmoja, katika kundi lolote, uliotimiza vipengele vyote. Ningependelea picha ghafi ziwekwe wazi, kila moja ikibeba ndani yake ukoo, umri, dawa na mipangilio ya mashine.

Msomaji wa Iftin, Garissa, nchini Kenya, naye anahusika kuliko anavyodhani. Fuko asiye na manyoya, mwenyeji wa ardhi kavu za Kenya, Somalia na Ethiopia, sasa hufugwa maabara za mbali kwa sababu huishi zaidi ya miaka 30. Macho yake ni madogo mno, na vipimo vya skana vinavyomfaa panya wa kawaida havimfai. Wala hana herufi ya J au N. Badala yake ripoti inapaswa kusema kundi lake lilichimbuliwa wapi, mwaka gani, na ndugu wamezaliana humo vizazi vingapi.