Kupima Ulimwengu Uliobuniwa na Wengi

Mchezo wa kuigiza wahusika huchezwa kwa maneno. Msimamizi anaeleza mahali, kila mchezaji anasema mhusika wake anafanya nini, dadu zinarushwa pale matokeo yasipojulikana, na hadithi inasonga mbele. Tangu Gary Gygax na Dave Arneson watoe Dungeons & Dragons huko Marekani mwaka 1974, watu wamebuni nchi na miji isiyo na idadi kwa ajili ya michezo ya namna hii. Mingi husahaulika kabla daftari halijajaa. Michache hudumu kwa miongo, huku ikiongezwa na kutetewa na watu ambao hata hawakuwepo ilipoanza.

Tofauti hiyo inapimika. Kipimo kikuu nakiweka hapa mwanzoni: ulimwengu wa pamoja ni bora kadiri mtu ambaye hakuubuni anavyoweza kuutumia bila kuomba maelezo. Mwandishi wa riwaya ana kurasa mia nne za kumshika msomaji mkono. Mezani hakuna kurasa. Ukishautaja mji, mwenzako anataka kuingia dakika hiyohiyo na kufanya jambo la maana. Mahali, misimu ya lugha na desturi vyote vihukumiwe kwa jicho hilo.

Mahali: kinachowabana wakazi

Maelezo dhaifu ya mahali hujaa sifa: mji wa kale, wa kutisha, wenye minara mirefu na siri nyingi. Ukiyasikia hujui la kufanya. Mahali pazuri pana kitu kimoja kinachowabana wakazi wake, na mengine yote yanafuata kutoka hapo.

Chukua Athas, ulimwengu wa Dark Sun uliotolewa mwaka 1991. Wachawi wake huvuta nguvu kutoka kwenye mimea, na wasiojizuia huacha majivu palipokuwa na nyasi. Vizazi vingi vya uharibifu huo vimeigeuza nchi kuwa jangwa. Chuma ni adimu, hivyo silaha za kawaida ni za mfupa, mti au jiwe. Hata sarafu ni za udongo uliochomwa na kupakwa rangi, na zimetengenezwa hivi kwamba moja inaweza kuvunjwa vipande kumi vya kurudishia chenji.

Hebu iangalie sarafu hiyo kwa karibu. Muuza maji anaivunja mbele yako na kukurudishia vipande sita. Hakuna aliyekuhutubia kuhusu uhaba wa madini, lakini umeshaujua, na maswali yameanza kukujia. Kipande kilichovunjika vibaya kinapokelewa sokoni? Nani ana haki ya kuchoma sarafu, na anayezighushi hufanywa nini? Ukiokota jambia la chuma mchangani, utalificha wapi? Kitu cha kutoshea kiganjani kimebeba historia, uchumi na hatari, na kila swali kati ya hayo linaweza kuwa kazi ya jioni nzima kwa wachezaji. Ukisoma ulimwengu wowote, tafuta sarafu yake: kitu cha kila siku ambacho hakingeweza kuwa hivyo kilivyo mahali pengine popote.

Baada ya hapo angalia kama mbunifu ameacha nafasi. Sigil, mji ulio katikati ya Planescape, kazi ya David Cook ya mwaka 1994, umejengwa upande wa ndani wa pete kubwa. Humo, uwazi wowote wenye fremu unaweza kuwa njia ya kwenda ulimwengu mwingine, ilimradi uwe na ufunguo. Na ufunguo unaweza kuwa kitu, neno au hata ishara ya mkono. Kanuni ni fupi na kila mtu huielewa papo hapo. Msimamizi yeyote anaweza kuiweka njia kwenye dirisha la jiko la mama lishe, na mchezaji yeyote anaweza kuanza kutafuta wimbo utakaoifungua. Mbunifu anayechora kila mtaa na kumtaja kila mkazi huonekana mkarimu, kumbe amewanyang'anya wenzake kazi.

Majina yana mtihani wake. J. R. R. Tolkien alijenga lugha za viumbe wake waitwao Elf kwa sauti zenye mpangilio: Quenya ikiathiriwa na Kifini, Sindarin na Kiwelisi. Ndiyo maana majina yake yanasikika kama ndugu. Nasi mtindo wa namna hiyo tunaujua: aliyezoea Mbuyuni, Kisimani na Mtoni hahitaji kuambiwa kitongoji kilichoota kando ya mkwaju kitaitwaje. Jaribu hivyohivyo kwa ulimwengu wa mchezo. Soma majina matano, kisha mwambie mtu abuni la sita. Likikaa sawa na wenzake, majina yana mfumo. Yakiwa ni mlundikano wa herufi zisizotamkika, zilizopambwa kwa ritifaa kila silabi, hatathubutu hata kujaribu.

Misimu: nani anaisema, na anamficha nani

Misimu ndiyo sehemu inayochezewa vibaya kuliko zote. Kosa la kawaida ni kuvibatiza vitu upya bila sababu: farasi anapewa jina la ajabu, ilhali ana miguu minne, anakula nyasi na anapandwa kama farasi mwingine yeyote. Kama ni farasi, aitwe farasi. Neno jipya lina haki ya kuzaliwa pale tu watu wa kundi fulani wanapokuwa na haja nalo: kuficha jambo, kujitambulisha, kukwepa jambo la kutisha, au kucheka.

Masikio ya Mswahili wa mjini yana mafunzo mazuri hapa. Noti nyekundu ya shilingi 10,000 ya Tanzania iliitwa msimbazi, na ili ulielewe jina hilo ni lazima ujue kwamba klabu ya mpira ya Simba huvaa nyekundu na makao yake yako Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Neno moja limebeba mpira, mtaa na rangi ya pesa. Misimu ya kubuni iwe na kina cha namna hiyo: ukilifuata neno, likufikishe mahali fulani ndani ya ulimwengu huo.

Planescape ilifanya vizuri. Wabunifu wake walichota kwenye lugha ya siri ya wezi na wazururaji wa Uingereza ya zamani, na chaguo hilo lilifaa kwa sababu Sigil umejaa watu wenye jambo la kuficha. Kufa ni kuingizwa kwenye kitabu cha wafu. Undani wa jambo ni giza lake. Wakazi huuita mji wao Kizimba, maana hakuna anayeingia wala kutoka isipokuwa kwa zile njia zake, na mwenye mamlaka juu ya njia hizo ni mtawala asiyesemezeka. Hapo jina la utani na muundo wa mji vinasema jambo moja.

Idadi nayo ipimwe. M. A. R. Barker, mwanaisimu aliyeutoa ulimwengu wa Tékumel katika mchezo wa Empire of the Petal Throne mwaka 1975, aliunda lugha ya Tsolyáni yenye sarufi na maandishi yake. Kazi hiyo naiheshimu sana, ila mezani inadai mengi, kwa kuwa mgeni huogopa kufungua mdomo akakosea. Maneno sita yanayotumika kila jioni yana thamani kuliko faharasa ya maneno mia mbili. Na kila neno lieleweke kwa kusikika ndani ya sentensi mbili tu, bila mtu kusimamisha mchezo ili afasiri.

Mchezo wa Dialect, uliotolewa mwaka 2018 na Kathryn Hymes na Hakan Seyalioglu wa Thorny Games, umeufanya mtihani huu kuwa kanuni. Wachezaji ni jamii iliyojitenga. Neno hubuniwa kutokana na jambo linaloitambulisha jamii hiyo, kisha palepale wahusika hulitumia katika mazungumzo. Utaratibu huo unafaa kuigwa na meza yoyote: neno lisiandikwe daftarini mpaka limeshasemwa na mhusika anayelihitaji.

Desturi: gharama na mwanya

Sikukuu yenye taa, ngoma na vyakula ni pambo. Inakuwa desturi pale inapomdai mtu fulani jambo fulani, na asipolitimiza kuna kinachompata. Basi uliza: inamgharimu nani, inamlinda nani, na mjanja anaweza kuitumiaje vibaya?

Mfano bora ninaoujua umo katika kazi ya Tolkien ya mwaka 1954, ambayo ndiyo chemchemi ya nusu ya ulimwengu wa fantasia unaochezwa leo. Hobiti, mmoja wa watu wadogo wa ulimwengu huo, hutoa zawadi siku yake ya kuzaliwa, badala ya kupewa tu. Zawadi nyingi ni vitu visivyo na kazi ambavyo mwenyewe anaona uchungu kuvitupa, hivyo vinazunguka nyumba hadi nyumba. Ni desturi ya kuchekesha, na msomaji anaweza kuipita tu. Lakini hobiti Bilbo anaitumia sherehe yake kubwa kujipa moyo wa kuiacha Pete yake ya uchawi, iliyo ngumu kuiachilia: kwa kugawa vingi kwa pamoja, alitumaini hiki kimoja kitatoka kwa urahisi. Na zamani, Sméagol, aliyeimiliki kabla yake, alimdai rafiki yake Pete hiyohiyo kwa hoja kwamba ni siku yake ya kuzaliwa, kisha akamnyonga. Desturi ileile imemsaidia mmoja kuachilia na imempa mwingine kisingizio cha kuua. Hicho ndicho kiwango cha juu: kanuni inayoeleweka kwa mstari mmoja, yenye mwanya ambao mwema na mwovu wote wanaweza kuupitia.

Vyote vitatu pamoja

Hebu tujenge kitu kidogo ili vipimo hivi vionekane vikifanya kazi. Chini ya daraja kuna soko linalofungwa jua likichomoza, kwa sababu saa hiyo walinzi hubadilishana zamu, na zamu ya mchana haipokei hongo. Tayari wachezaji wana muda unaowabana, mlinzi wa kufanya naye urafiki na swali la nini kiliwapata wale wa mchana. Misimu inazaliwa yenyewe: mtu asiyenunulika huitwa zamu ya mchana. "Usimwendee huyo mzee, ni zamu ya mchana." Desturi nayo inatokana na giza la soko hilo. Muuzaji akifunika taa yake, bei imekwisha. Atakayetamka neno baada ya hapo ndiye anayelipa, hata kama alikuwa mpita njia. Sasa mwizi anaweza kumchokoza tajiri aseme, na mganga anaweza kumlipia maskini kwa kukohoa jina lake. Hakuna aya ndefu hapa, ila mahali, neno na desturi vinategemeana: ondoa wale walinzi, na vyote vinaanguka.

Kushirikiana kwenyewe kuna nidhamu. Mwaka 1979 Robert Asprin alikusanya waandishi katika kitabu cha hadithi cha Thieves' World, wote wakiandika kuhusu mji mmoja, Sanctuary, na kila mmoja akiweza kuwatumia wahusika wa wenzake. Kilichowaunganisha ni mitaa, mashaka na watawala walewale. Greg Stafford, aliyeanza kuandika juu ya ulimwengu wake wa Glorantha mwaka 1966, alilifikisha hilo mbali zaidi. Wapenzi wa Glorantha wanakubali waziwazi kwamba kila meza itakuwa na Glorantha yake. Ulimwengu imara hustahimili kubadilishwa. Ule unaovunjika kila mchezaji anapoongeza jambo haukujengwa kwa ajili ya wengi.

Kwa hiyo, unapopewa kurasa za ulimwengu mpya uzihukumu, soma ukurasa mmoja tu kisha ufunge. Taja kitu kimoja ambacho mhusika wako angefanya asubuhi hii, mahali hapo, na si kwingine. Ukikosa, mbunifu ameandika mandhari tu. Ukipata, cheza naye mara kadhaa, halafu sikiliza maneno gani wachezaji wanayasema bila kukumbushwa, na ni desturi ipi wameanza kuizidishia masharti yao. Siku mchezaji mgeni atakaposema kwamba kwa bubu taa hufunuliwa tena mara moja, na meza nzima ikakubali kana kwamba ilijua siku zote, mpe mbunifu alama za juu. Na hilo la bubu liandikwe daftarini kwa jina la huyo mgeni.