Ufalme wa Mpala

Huku Kasongo na Kabambare tunasikia wazo hili: kama ufalme wa kikristu aliouota Kardinali Lavigerie ungalitoka Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, ukafika kwetu, leo tungalikuwa Wakristu wote.

Sisi tunakataa. Vitabu vinavyomsifu Kapiteni Joubert havisemi uongo. Mapadri Weupe walipewa boma la Mpala mwaka 1885. Yeye akaja 1887 kulinda watu wasitiwe utumwani. Alioa huku, akafa huku mwaka 1927. Lakini vitabu hivyo havimwulizi mtoto aliyekombolewa: Je, uliamini, ao ulikimbilia ukuta tu?

Kasongo ya Waungwana nayo ilikuwa mji wa sala na bunduki. (Wenzetu wa Kabambare, njia ya misafara, wanajua habari hiyo kuliko sisi.) Mwaka 1893 askari wa Dhanis waliuteka. Utawala wa Mpala nao ulimezwa na Leta, pasipo vita.

Shule na katekismu zilibaki. Stefano Kaoze, padri wa kwanza wa Kongo yetu ya leo, alipewa upadri mwaka 1917. Joubert alikuwa hai bado, mzee asiye na jeshi.