Shahada moja, madaftari mawili

Swali lilitoka dawati la nyuma. Lilikuwa darasa la PCM, kidato cha sita, shule moja hapa Butiama, na mimi nilikuwa kwenye mazoezi ya kufundisha: shati limepigwa pasi, chaki mkononi, nafundisha kanuni ya Newton ya kupoa. Kijana akasimama. "Samahani mwalimu. Mama anauza barafu za ukwaju. Anasema juisi akiiweka kwenye friza ikiwa bado ya moto inawahi kuganda kuliko ile iliyopoa. Sasa hiyo kanuni hapo inasemaje?"

Nikajibu kama walimu wengi tunavyojibu tukibanwa: tutaliangalia kipindi kijacho. Kipindi kijacho nikaingia na mada nyingine.

Wakati huo nilikuwa nasoma shahada ya sayansi na ualimu, masomo yangu ya kufundishia yakiwa hisabati na fizikia. Hapa kwetu hiyo ndiyo njia ambayo wengi huipita kusoma haya mawili kwa pamoja hadi shahada ya kwanza. Wakitoka PCM, wenye ndoto za uinjinia wanaenda uinjinia, na sisi wengine tunachukua hisabati na fizikia ili turudi tukawafundishe wadogo zetu. Siku ile nilikuwa nimeshasoma kila kitu kilichohitajika kumjibu yule kijana. Kipande kimoja kilikuwa kwenye daftari la fizikia, kingine kwenye daftari la hisabati, na hakuna aliyewahi kuniambia niyafungue yote mawili kwa wakati mmoja. Hilo ndilo lalamiko langu dhidi ya shahada hii. Kwamba ni ngumu, hilo tunalijua, na wala silii nalo.

Tuanze na swali lenyewe, maana lina historia ya hapa hapa nchini. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu pale Magamba, aliwahi nafasi kwenye friza ya shule kwa kuweka mchanganyiko wake wa aiskrimu ukiwa bado wa moto. Ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, akauliza tena, tena katikati ya somo la kanuni ya Newton ya kupoa. Mwalimu akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si ya dunia nzima. Na kuanzia hapo akikosea kusoma jedwali la logi, ikawa hiyo nayo ni hisabati ya Mpemba. Darasa zima likaidaka. Aliyemsikiliza ni Denis Osborne, profesa wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyekuja kutoa mhadhara. Hakumcheka, alirudi akajaribu, na mwaka 1969 majina yao mawili yakatoka kwenye jarida la Physics Education.

Sasa tuyafungue madaftari. Kanuni ya Newton inasema kasi ya kitu kupoa inategemea tofauti kati ya joto lake na joto la mazingira. Chukua friza ya nyuzi -15 na vikombe viwili vinavyofanana, kimoja cha nyuzi 80 na kingine 35. Tuseme namba ya kasi ya kupoa ni 0.02 kwa dakika (nimeichagua mwenyewe ili hesabu iwe safi). Piga logi: cha nyuzi 35 kinafika sifuri baada ya dakika 60 hivi, cha nyuzi 80 baada ya dakika 92. Zile dakika 32 za ziada ni zile zile ambazo kikombe cha moto kinazitumia kushuka kutoka 80 hadi 35. Fizikia ya darasani inaishia hapo: mama kakosea, funga daftari.

Daftari la hisabati lina jambo kubwa zaidi. Kwenye kozi ya milinganyo difrenshali, yaani milinganyo inayoeleza kitu kinabadilikaje, tulisoma nadharia ya Picard: masharti fulani yakitimia, kila hali ya kuanzia ina njia moja tu ya kusonga mbele. Nilikariri uthibitisho wake mstari kwa mstari na nikapata alama zangu zote. Maana yake kwenye friza sikuiona. Ni hii: kama hali ya juisi inaelezwa na namba moja tu, nyuzi joto, basi juisi ya moto lazima ipite kwenye 35, na ikifika hapo haina kumbukumbu kwamba iliwahi kuwa 80. Itafuata njia ile ile aliyofuata mwenzake. Haiwezi kumpita, hata ukiitupa kanuni ya Newton na kuweka nyingine yoyote ya aina hiyo.

Geuza hoja uone utamu wake. Kama mama yuko sahihi, basi tuliokosea ni sisi, kwa kudhani nyuzi joto peke yake zinatosha kuieleza juisi. Kuna kitu kingine kinachotunza kumbukumbu. Labda ni maji yaliyopungua kwa kugeuka mvuke. Labda mizunguko ndani ya kikombe, au gesi zilizotoka wakati wa kuchemsha, au barafu ya kwenye friza iliyoyeyuka chini ya kikombe cha moto hadi kikakaa vizuri zaidi kwenye chuma. Hisabati inakwambia tafuta namba ya pili. Fizikia inakwambia ukaitafute wapi. Lile jibu la kipindi kijacho lilikuwa hilo. Lingechukua dakika kumi.

Kwa nini sikuliona? Nilikosoma mimi, chuo sikitaji, idara ya hisabati ilikuwa jengo lake na fizikia jengo lake. Sumaku-umeme tulianza mwanzoni mwa mwaka wa pili, kalkulasi ya vekta ikaja semista iliyofuata. Mhadhiri wa fizikia, mtu mzuri tu, akachora alama ya nabla ubaoni akasema hii mtaisoma vizuri kule hisabati. Tulipofika hisabati tukaambiwa matumizi yake mtayaona kule fizikia. Idara ya ualimu nayo ikatupa mbinu za kufundisha hisabati, kisha mbinu za kufundisha fizikia, kozi mbili zisizojuana.

Halafu kuna ile ya teta na fai. Kwenye fizikia, ukieleza nukta iko wapi juu ya tufe, teta ni pembe ya kushuka kutoka mhimili wa juu, na fai ni ya kuzunguka. Mhadhiri wa hisabati alitumia kinyume chake. Wote wako sahihi, vitabu vya namna zote mbili vipo. Ila hakuna aliyetuonya kwamba wa jengo la pili anafanya kinyume, na pepa zote mbili zilikuwa ndani ya wiki moja. Sitasema nilipata ngapi.

Kwa mazingira hayo mwanafunzi anafanya nini? Anadesa. Anatafuta desa la hisabati, anatafuta desa la fizikia, anakwepa kudisko. Katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa hapa hapa, alilalamikia mitihani inayopima uwezo wa kukumbuka mambo na kuyatoa yakiulizwa. Mtihani wangu wa Picard ungemkera sana.

Kuna wanaosema dawa ni kuiua shahada hii: mtu achague somo moja alisome hadi mwisho, kuliko kuwa nusu mwanahisabati na nusu mwanafizikia. Sikubaliani nao. Mwalimu aliyebeba masomo yote mawili ndiye anayeweza Jumatatu kufundisha milinganyo difrenshali kwenye hisabati ya juu na Jumatano kufundisha kupoa kwenye fizikia, mbele ya wanafunzi wale wale. Nafasi hiyo mtu wa somo moja hana. Kasoro ni kwamba tunamtuma shuleni akiwa watu wawili ndani ya shati moja. Ningetaka kozi moja tu kila mwaka yenye wahadhiri wawili darasani, mmoja kutoka kila jengo, wakibishana juu ya swali moja kama la friza. Na mtihani wake usahihishwe na wote wawili.

Na swali la friza halijazeeka. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima maji kwa makini wakasema hawaoni ushahidi wa kutosha kwamba ya moto yanawahi kupoa. Mwaka uliofuata Lu na Raz wakaonyesha kwa hisabati kwamba jambo lenyewe linawezekana: mfumo unaopoa unaweza kuwa na sehemu zinazotulia haraka na sehemu zinazotulia polepole, na ulioanza na joto zaidi ukajikuta na kidogo zaidi cha ile ya polepole. Mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer, Kanada, wakaliona kwa chembe ndogo sana ndani ya maji wakiiongoza kwa mwanga wa leza. Ukiwa na fizikia bila matriksi, makala hizo mbili za mwisho zitakupita hivi hivi.

Likizo iliyopita nikaenda kumwona yule mama, kwa kuchelewa miaka kadhaa. Nilimwamkia, nikamweleza deni langu, akacheka sana. Tukapanga vikombe sita vya ukwaju kwenye friza, vitatu vya moto na vitatu vilivyopoa, na kipimajoto cha kuazima. Kila dakika kumi nafungua, napima, naandika. Yeye ananigombeza kwamba namwachia baridi yake itoke, na kusema kweli hoja yake ilikuwa nzito kuliko jedwali langu. Dakika ya 50 umeme ukakatika. Tukasubiri hadi magharibi. Mwishowe akaniambia, "Mwanangu, hiyo juisi sasa utainunua yote."