Kuchimba Dawa

Basi la Arusha likishaipita Mombo na kuanza kuandamana na milima iliyo upande wa kulia, hufika mahali konda akagonga bodi na kutangaza, "Wa kuchimba dawa, dakika kumi!" Abiria tunateremka, wanaume huku, wanawake kule, tunapotelea vichakani. Hakuna anayechimba chochote. Sote tunajua maana yake na hakuna anayecheka, ila labda mgeni anayeelezwa kwa mara ya kwanza. Nimejiuliza mara nyingi tafsida hiyo ilitoka wapi. Kisio langu ni kwamba imetoka zama ambazo mtu mzima akiacha njia na kuingia porini peke yake, bila mbwa wa kuwindia wala shoka la kuni, hakuulizwa anakwenda wapi. Ilifahamika kwamba ana mgonjwa nyumbani.

Shangazi yangu alikuwa akichimba dawa kwelikweli. Aliishi chini ya milima ya Upare, mahali pakavu, mvua inapoishia mlimani na kuwaachia watu wa tambarare vumbi na miiba. Watu walimfuata kwa homa, kwa vifua, kwa matumbo ya watoto, lakini ukimwita mganga alikukatisha palepale. "Mimi si mganga. Mimi naijua miti." Utotoni niliona kama anajishusha. Siku hizi naona alikuwa anajisifu, tena kwa haki, na sifa hiyo ndiyo ninayotaka kuitetea hapa. Tukizungumza juu ya tiba za asili hukimbilia kuuliza mti gani unatibu nini. Kwake hilo lilikuwa swali la pili. La kwanza, lililomla miaka, lilikuwa hili: huu ni mti gani?

Nilikuwa darasa la tano aliponipa somo la kwanza. Alinisimamisha kati ya vichaka viwili vilivyoachana hatua kumi hivi. Vyote vilikuwa na majani magumu yanayong'aa, yaliyopangwa mawili mawili, kila jani likimtazama mwenzake. Alivunja kitawi huku na kitawi kule, na vyote vikatoa utomvu mweupe kama maziwa. Vyote viwili, akaniambia, huchanua maua meupe yenye wekundu kidogo na harufu ya asumini. Vyote vilikuwa na matunda madogo meusi, meusi ya zambarau iliyoiva.

"Ungekuwa na njaa, mwanangu, ungekula yapi?"

Nikanyoosha mkono kwenye matunda yaliyokuwa manene zaidi. Aliupiga kofi ambalo naweza kulisikia mpaka leo.

"Huo msunguti. Huo ni wa mishale."

Kile kingine kilikuwa mtandamboo. Matunda yake ni matamu, watoto wa wachungaji huyala siku nzima, na mizizi yake huchemshwa kwa wenye kifua na homa na maumivu ya viungo. Msunguti nao ndio ambao Wakamba na Wagiriama, na wawindaji wa ndovu wa nyika za pwani ya Kenya, walichemsha mbao na mizizi yake mpaka ikabaki gundi nyeusi kama lami, wakaipaka mishale. Sumu hiyo huingia kwenye damu ikausimamisha moyo. Shangazi alishika tawi la mtandamboo akanionyesha miiba, imenyooka, imara, ikitoka pale majani yanapotoka. Akanirudisha kwenye msunguti. Hapakuwa na mwiba hata mmoja.

"Ukisahau mengine yote, usisahau miiba."

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa mimea wameiweka miti hiyo miwili katika jamii moja, na kwamba kiini cha sumu ya msunguti kilitumika Ulaya kwa muda mrefu, kwa vipimo vidogo sana, kuutibu moyo uliochoka. Ipo hadithi ya binamu yao mwingine, ule mti wa kutambaa uitwao kombe, nao wa mishale. John Kirk, daktari aliyesafiri na Livingstone huko Zambezi na ambaye baadaye alikuwa balozi wa Uingereza Zanzibar, alihifadhi sumu hiyo pamoja na mswaki wake. Siku moja alipopiga mswaki alionja uchungu, akahisi mapigo ya moyo yanapungua, na kutokana na uzembe huo dawa ya moyo iitwayo strofanthini ikaingia hospitali za Ulaya. Kitabu kinamsifu Kirk kwa umakini wake. Shangazi angemuuliza kwanza kwa nini aliweka sumu na mswaki mahali pamoja.

Baada ya siku ile ya kofi nilianza kumtazama anavyotazama. Hakuutazama mti mara moja. Aliuzunguka. Aliponda jani akalinusa, akasubiri kidogo, akalinusa tena, kwa kuwa kuna harufu inayotangulia na nyingine inayochelewa. Alikwaruza gome kwa ukucha aone rangi ya ndani. Kuonja alionja mwisho kabisa, kwa ncha ya ulimi, akatema, na alionja tu kile ambacho tayari alikuwa na hakika nacho. Watu hudhani kuonja ndiko kunakokufahamisha. Kwake kuonja kulikuwa kama kuhakiki saini ya mtu unayemjua.

Kivumbasi alikitambua gizani. Alikizungusha kishina chake kati ya kidole gumba na cha shahada, akahisi pembe nne. Shina la kivumbasi si la mviringo, ni la pande nne, na la mrehani hali kadhalika, na la mnanaa. "Hawa ndugu," alisema. Hakuwahi kusikia neno la Kilatini maishani mwake, lakini hapo alikuwa amefikia hukumu ileile waliyoifikia wataalamu wa mimea, na kwa ushahidi uleule. Mjafari aliutambua kwa vinundu vya shina, kila kinundu kimebeba mwiba kileleni, lakini hakuridhika na hilo. Alilichuma jani akaliinua mbele ya jua nami nikaona vitone vidogo vya mwanga vimetapakaa ndani yake, kana kwamba limetobolewa kwa sindano. Kisha akaliponda, likanuka ndimu. Chuma jani la mlimau, au la mchungwa ulio uani kwako, ulielekeze juani: utaona vitone hivyohivyo. Ni vifuko vya mafuta, navyo ndivyo vinavyonukia. Kwa watu wengi mjafari ni mswaki na dawa chungu ya homa. Mimi nikiuona namkumbuka mwanamke mzee amefumba jicho moja, amelinyanyua jani kama mtu anayekagua noti ya shilingi elfu kumi.

Mkunazi je? Hapo hakuhitaji hata kusimama. Jani lina mishipa mitatu inayoanzia kwenye kikonyo, tumbo lake jeupe, na miiba miwili miwili, mmoja umenyooka na mwenzake umepinda kama ndoana. Waislamu wa kwetu hulitafuta jani hilo wanapoosha maiti, kwa hiyo hata asiyejua mti mwingine wowote huujua mkunazi, kwa sababu ambayo hakuiomba.

Majina ndiyo yaliyomtia wasiwasi. Ukivuka mto jina linabadilika, na mara nyingine jina linabaki mti ukabadilika. Chukua mwarobaini, mti uliotujia kutoka Bara Hindi ukazoea mpaka tukausahau ugeni wake. Jina lenyewe ni tangazo la biashara: maradhi arobaini, wala hakuna anayeyahesabu. Lakini upo mwingine unaofanana nao, nao kutoka Asia, mmelia, ambao Kenya baadhi ya watu huuita mwarobaini nusu. Nusu hiyo ina hatari zake, kwani matunda ya mmelia ni sumu kwa mtu na kwa nguruwe. Ukitaka kuitofautisha tazama kikonyo cha jani. Kwenye mwarobaini vijani vimejipanga kwenye kikonyo kimoja, huku na huku. Kwenye mmelia kikonyo chenyewe kinatoa vikonyo vingine, na hivyo ndivyo vinavyobeba vijani. Maua ya mwarobaini ni meupe, ya mmelia yana zambarau. Mtu aliyetumwa "kalete mwarobaini" naye hajui hayo, ameleta jina tu.

Ndiyo sababu sina imani na unga. Pita Kariakoo uone vichupa na vifuko, unga wa kahawia, unga wa kijani, unga wa njano, muuzaji anakusomea orodha ya maradhi kama konda anayetaja vituo. Pengine ni dawa kweli, sikatai. Ila unga hauna jani wala mwiba, kishina chake huwezi kukizungusha, na kitone cha mwanga hakimo. Yote ambayo shangazi alitumia kuutambua mti yamepondwa kinuni. Unabaki kumwamini muuzaji, naye anamwamini aliyemletea, na huko porini huenda alitumwa kijana wa darasa la tano.

Mwaka 2011 nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kimoja cha dawa ya mti kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi, na wengine walifia njiani kabla ya zamu yao kufika. Wenyeji wa huko waliuita mti wake mugariga. Wanaojua miti walipoutaja kwa jina la kitaalamu nikafungua kitabu cha Profesa Kokwaro wa Nairobi kuhusu miti dawa ya Afrika Mashariki, kilichotoka mwaka 1976, nikakuta ni mtandamboo. Nilimpigia simu shangazi. Alikaa kimya, nikadhani simu imekatika.

"Wameipita mingapi njiani?" akauliza.

Hakusema zaidi kuhusu imani ya watu, nami sitasema. Kilichomuuma ni habari za wagonjwa walioacha vidonge vyao vya hospitali baada ya kikombe. Kwake kuujua mti ilikuwa pamoja na kujua mpaka wake.

Na kuujua mpaka wa mti ni pamoja na kujua namna ya kuuomba. Magome aliyachukua upande wa mawio na upande wa machweo, kipande kisichozidi kiganja, kisha akalipaka jeraha udongo mbichi. Mzizi aliukata wa upande mmoja, akarudisha udongo na kuushindilia kwa kisigino. Sijui kama aliogopa mizimu au aliogopa kukosa dawa mwaka unaofuata. Sidhani kama mwenyewe alitenganisha mambo hayo. Lakini utaratibu wake una sababu isiyohitaji mzimu: chakula kinachotengenezwa majanini hushuka mizizini kupitia tabaka la ndani la gome, na mti uliochunwa kuuzunguka wote hufa kwa njaa kutoka chini. Waulize waliouona muiri, kama Wakikuyu wanavyouita, mti mkubwa wa misitu ya milimani ambao gome lake lina harufu ya lozi chungu. Mwaka 1966 dawa ya tezi dume iliyotokana na gome hilo ilipewa hataza Ufaransa. Baada ya hapo magome yalisombwa kwa tani kutoka Kameruni, Madagaska na Kenya, miti ikiachwa imesimama uchi, mpaka mwaka 1995 muiri ukaingizwa kwenye mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe walio hatarini. Udongo wa kiganja kimoja ungetosha, lau waliochuna wangekuwa na muda wa kuinama.

Siku hizi tunazo taasisi. Muhimbili ilianzisha kitengo cha kuchunguza dawa za asili mwaka 1974, na sheria ya tiba asili ilitungwa mwaka 2002. Arusha iko hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa, kitawi kimoja kimoja kimebandikwa kwenye karatasi. Kilichonivutia katika kazi hiyo ni kibandiko kilicho pembeni, mahali mkusanyaji anapotakiwa kuandika rangi ya ua, rangi ya utomvu, harufu, na jina ambalo mwenyeji aliuita mti huo. Kitawi kikikauka harufu huondoka na rangi hubadilika, kwa hiyo lazima mtu awe alikuwapo na awe alinusa. Nilipokiona kibandiko hicho niliona shangazi amepata wenzake.

Mara ya mwisho nilipomtembelea ilikuwa kiangazi kikali. Jirani alileta mtoto mwenye homa, naye shangazi akachukua kikapu na kijembe chake kifupi akaingia porini, nami nyuma yake kwa mbali, kwa kuwa hakupenda kusindikizwa. Alifika kwenye mti aliokuwa akiuchimba miaka yote. Ulikuwa umepukutika, hauna jani wala tunda. Aliuzunguka mara mbili. Alikwaruza gome, akanusa, akasubiri, akanusa tena. Kisha akaweka kijembe kikapuni akaanza kurudi.

Alimwambia yule mama ampeleke mtoto hospitali, leo, si kesho. Nilipomuuliza baadaye kama mti ulikuwa umekufa, alisema, "Niliuona. Sikuuona vizuri."

Watoto wa pale nyumbani walikuwa wamekwisha kukivamia kikapu. Njiani alikuwa amechuma matunda ya mtandamboo, ya mwisho ya msimu, yamekunjamana kidogo. Juu yake alikuwa ameweka kitawi kimoja chenye miiba, na kabla hajampa yeyote tunda alikipitisha mkono kwa mkono, mmoja mmoja akiguse.