Sentensi za Ubaoni

Mwalimu wa lugha hupimwa kwa sentensi anazochagua kuandika ubaoni. Sauti nzuri humsaidia, na zana za kufundishia humsaidia, lakini kazi yenyewe imo katika sentensi. Ninasema hivi nikikifikiria Chuo cha Ualimu Kinampanda, wilayani Iramba, ambako Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walitayarisha walimu enzi za misheni, na ambako mpaka leo wanachuo huandaa maandalio ya somo kabla ya kwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Ufundi ninaousifu ni ule wa kumfundisha mtoto kitenzi cha Kiingereza ambacho kila mtu anadhani anakijua.

Tuseme "run". Mtoto anaambiwa ni kukimbia, anaandika daftarini, basi. Kisha anakuta kamasi zikitiririka, bomba likitoa maji, mama akiendesha duka, basi la Kiomboi likifanya safari zake, sukari ikiisha nyumbani, na yote hayo Mwingereza ameyatwika kitenzi hicho hicho. Watunzi wa kamusi kubwa ya Oxford walipokipitia upya, kazi iliyokamilika 2011, walifikisha maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikaa nacho miezi tisa hivi. Mwalimu wa shule ya msingi ana kipindi kimoja, na mbele yake wamo watoto wengi ambao Kinyiramba ndiyo lugha ya nyumbani, Kiswahili ni ya pili, na Kiingereza kinakuja cha tatu.

Hapo ndipo stadi anapojitenga na mwenye kukaririsha. Stadi haanzi na maana; anaanza na "piga". Anawauliza watoto mambo gani hupigwa, nao wanamwaga: pasi, mswaki, simu, kura, magoti, chafya, hodi. Hakuna aliyewahi kuwapa orodha hiyo. Waliisikia hodi mlangoni na pasi kwenye nguo za Jumapili, kila moja mahali pake na pamoja na nomino yake. Wakishaliona hilo kwao wenyewe, Kiingereza hakiwi tena kitendawili cha wageni. Kumbe na wao wana kitenzi kinachofanya kazi nyingi.

Baada ya hapo anaandika sentensi tatu tu. Duka la mama. Basi la Kiomboi. Mafuta ya alizeti yaliyoisha chupani. Anazisoma, darasa linazisoma, kisha anafuta kitenzi kwa ncha ya kidole na kuacha pengo katika kila sentensi. Vumbi la chaki likiwa bado limetanda pale neno lilipokuwa, anamwita mtoto wa nyuma aje ajaze. Mtoto akisita kwenye sentensi ya mafuta, mwalimu hamtajii jibu. Anamwonyesha lile neno dogo "out" alilolibakisha ubaoni, kwa kuwa ndilo linalogeuza kuendesha kuwa kuishiwa. Kujua kipi cha kufuta na kipi cha kuacha ni ujuzi wa miaka, nami nauheshimu kama ninavyouheshimu mkono wa fundi seremala.

Ujuzi huo una wakubwa wake. A. S. Hornby, Mwingereza aliyekwenda kufundisha Japani mwaka 1924, aliona darasani kwamba mwanafunzi akipewa maana pekee hawezi kuunda sentensi. Kamusi aliyoitunga na wenzake, iliyotoka Tokyo mwaka 1942, ikawaonyesha wanaojifunza kila kitenzi kinafuatwa na nini. Ndiyo iliyozaa kamusi ya wanafunzi ya Oxford, ile ambayo wengi wetu tuliifungua sekondari siku karibu masomo yote yalipogeuka Kiingereza ghafla. Ilitoka mikononi mwa mwalimu, na hilo linaonekana katika kila ukurasa wake.

Zilizobaki kati ya zile 645, mwalimu mzuri anaziacha bila wasiwasi. Kugombea ubunge nako ni "run", lakini maana hiyo inaweza kungoja mwaka wa uchaguzi, mabango yatakapobandikwa kwenye miti ya njiani na watoto wenyewe watakapouliza. Kwa leo, kazi ya nyumbani ni sentensi moja tu, kuhusu kitu kilichoisha kwao.